Samahani Mama, Tunamsubiri Huyu

Kijana alikuwa ameshika simu mkono mmoja na orodha ya majina mkono wa pili. Alipoita jina langu nikasimama, nikajiweka sawa kitenge, nikamwendea. Akaangalia simu. Akaniangalia mimi. Akaangalia simu tena, halafu akachungulia nyuma yangu kana kwamba kuna mtu nimemficha.

"Samahani mama," akasema, kwa adabu kabisa, "tunamsubiri huyu."

Akanigeuzia simu nimwone huyo anayesubiriwa. Alikuwa mimi.

Watu kumi na tano hivi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki pale barazani, na nadhani wote walisikia. Nilicheka. Mwigizaji hufundishwa kucheka kwa amri, basi siku ile elimu ikanifaa. Nikamwambia kijana, "Ndiye mimi huyo, mwanangu," naye akaomba radhi mara tatu, akaniingiza ndani. Lakini nilipopita mlangoni nilishajua mambo yameisha.

Picha ile ilipigwa mwaka 2013. Nilikuwa na miaka 27, nimemaliza masomo ya sanaa Bagamoyo, nina mashavu ya mtu anayekula chips mayai saa nne usiku na asubuhi anaamka mwepesi. Mwaka huu nina 39. Kati ya ile picha na mimi kuna mtoto mmoja, ndoa moja iliyokwisha, kilo kadhaa, mkunjo katikati ya nyusi ambao hauondoki hata nikilala, na kovu la kidevuni nililopewa na chuma cha siti ya daladala siku dereva aliposhika breki bila taarifa. Yote hayo hayamo. Kila nilipoambiwa "tuma picha", nilituma ileile. Si kwamba nilikusudia kudanganya. Ilikuwa nzuri tu, na kila nikiiangalia nilijiona ndiyo mimi mwenyewe, na huyu wa kwenye kioo ni mimi niliyechoka kidogo leo.

Kilichoniuma zaidi ya kuitwa mama ni hiki. Kwa sababu ya picha ile nilikuwa nimeitwa kusoma nafasi ya dada wa mhusika mkuu, binti wa miaka ishirini na kitu. Nikiwa ndani nikaona kwenye karatasi za tamthilia kwamba kuna mama mtu: mwanamke wa miaka arobaini, mkali, anauza samaki Feri, anaficha ugonjwa wanawe wasijue. Jamani, yule mama namjua. Najua anavyohesabu hela, najua anavyokaa akiumwa na hataki kuulizwa. Nikauliza kama naweza kuisoma hiyo. Wakanijibu kwa upole kwamba nafasi ya mama ilishapata mtu wiki iliyopita. Nilikuwa nimejinyima kazi kwa mkono wangu, kwa kubofya neno moja tu, tuma.

Kwa wasiokaa kwenye kazi hii, niseme kidogo. Picha ya kazi ya mwigizaji, ambayo wenzetu wanaoongea Kizungu wanaiita hedshoti, ni uso na mabega, basi. Marekani ina desturi yake ya miaka mingi: karatasi ya inchi 8 kwa 10, na nyuma yake umebandika orodha ya kazi ulizofanya. Huko wanatofautisha hata tabia ya picha, moja ya tabasamu kwa ajili ya matangazo ya sabuni na benki, nyingine ya uso uliotulia kwa ajili ya tamthilia na filamu. Sisi Dar mambo yetu ni ya WhatsApp. Ujumbe unakuja saa tatu usiku: tuma picha 3, uso, nusu, mwili mzima, bila filta, bila vipodozi vingi, mwisho kesho saa sita mchana. Na picha yenyewe haitazamwi kwenye karatasi. Inatazamwa kwenye simu, pamoja na nyingine mia, ndogo kama kucha ya kidole gumba, na mtu ambaye hajapata chai. Ndiyo maana wanasisitiza macho. Kwenye ukubwa ule gauni halionekani, hereni hazionekani, kinachobaki ni macho mawili na kile kinuru kidogo ndani yake. Kinuru kikikosekana, macho yanaonekana kama ya samaki wa jana.

Wasomaji wa vitabu mnalijua jambo hili kwa upande mwingine. Geuza riwaya yoyote ya mwandishi aliyekaa muda mrefu kwenye fani. Pale nyuma utamkuta kijana mwembamba, kidole shavuni. Halafu unakwenda kumsikiliza kwenye uzinduzi wa kitabu, anapanda jukwaani babu. Mwandishi anasamehewa. Hakuna anayenunua riwaya ili shavu la mwandishi lifanane. Mwigizaji anauza hilohilo shavu.

Basi nikaamua kupiga nyingine. Nikapata mpiga picha Sinza, kijana mstaarabu, chumba kimoja chenye pazia la kijivu na taa mbili. Aliniambia nije na blauzi tatu za rangi moja moja, zisiwe na maandishi wala maua. Nilikaa pale kama saa mbili. Alipiga picha 140. Mwanzoni nilikuwa naigiza: sasa mama mwenye huruma, sasa mwanasheria, sasa mchawi. Akaniacha nimalize vituko vyangu, halafu akasema, "Dada, sasa naomba usifanye kitu." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Bagamoyo tulifundishwa kufanya; kutofanya hakukuwa na somo lake. Nilikaa. Nikawaza ada ya shule. Yeye akawa anabofya.

Baada ya siku tatu akanitumia picha sita alizochagua, tayari amezifanyia kazi. Nikafungua ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, naapa, ni: huyu nani?

Alikuwa mzuri, huyo mwanamke. Kovu halipo. Mkunjo wa nyusi haupo. Shingo laini kama ya mwanasesere. Na alikuwa mweupe kunishinda kwa namna ambayo usingeweza kuonyesha kidole hapa au pale. Ni kama mtu aliyekaa miezi sita nchi isiyo na jua. Nikampigia. Nikamwomba anirudishie zile za mwanzo, kama zilivyotoka kwenye kamera. Kimya. Halafu akasema, "Dada, nikikupa zile, watu watasema sijui kazi." Nikaanza kukasirika, kisha nikamwelewa. Jina lake litakuwa pembeni ya uso wangu. Wateja wake wote wanataka kung'arishwa, bibi harusi anataka, mwanafunzi wa mahafali anataka, hata mzee wa kanisa anataka. Mimi ndiye mteja wa ajabu anayelipa ili aonekane na kovu. Tukakubaliana atanipa zile bila jina lake popote. Hadi leo sijui nani kati yetu alimwonea aibu mwenzake.

Nimekuwa nikilifikiria neno letu moja tangu siku ile: kusafisha. Nilipokuwa mdogo Tanga, kusafisha picha maana yake ilikuwa kupeleka filamu studio, wakaitia kwenye dawa, ikatoka picha. "Picha zimesafishwa?" "Bado, rudi Jumamosi." Picha chafu ilikuwa ile ambayo haijaonekana bado. Siku hizi mtu akikuambia nitaisafisha, anamaanisha atafuta: chunusi, mikunjo, kovu, na akiwa na muda, rangi. Zipo hata simu ambazo kamera yake inakulainisha kabla hujaombwa, ukitaka sura yako inabidi uingie kwenye mipangilio uitafute. Zamani walisafisha ili uonekane, sasa wanasafisha usionekane. Neno ni lilelile. (Na sura nayo, mnajua, ni ya mtu na ni ya kitabu. Mimi nilikuwa naomba kazi ya sura ya tisa kwa picha ya sura ya pili.)

Suala la rangi lina historia ndefu kuliko kompyuta ya kijana wa Sinza. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilikuwa ikisambaza kwa maabara za picha kadi ya majaribio yenye picha ya mwanamke mweupe aliyevaa vizuri. Kadi hizo zikaitwa Shirley, jina la mwanamitindo wa mwanzo. Fundi alikuwa anarekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke sawasawa, na ikitoka sawasawa, basi rangi zote zinahesabiwa ziko sawasawa. Mtu mweusi akisimama karibu na mweupe kwenye picha moja, mmoja anatoka mtu na mwingine anatoka meno na macho. Walalamikaji waliosikilizwa, kwa maelezo ya watu waliofanya kazi Kodak, walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliosema kahawia za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Kabati na pipi vikatutangulia foleni. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Naitaja habari hii kwa sababu itanirudia mbele kidogo.

Sasa nina picha 140 ambazo hazijaguswa, na ninatakiwa kuchagua moja. Nilikaa nazo jioni mbili. Ya kwanza nikabakiza 30, ya pili nikabakiza 6, na zote sita zilikuwa za ubavu mmoja, kichwa kimeinama kidogo kushoto, kovu limekaa kivulini. Sikujua kwamba ninafanya hivyo. Binti yangu ndiye aliyeniambia. "Mama, hizi zote ni picha moja."

Kuna sababu kwa nini mtu hajui kujichagua. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walichukua picha za wanawake, wakatengeneza na nakala zilizogeuzwa kushoto kulia, kama kwenye kioo. Wenyewe walipenda zaidi ile ya kioo. Rafiki zao walipenda ile iliyo sahihi. Kila mtu alipenda uso aliouzoea, na uso wako ulioUzoea wewe hakuna mwingine duniani anayeuona. Halafu mwaka 2017 watafiti wa Australia wakaenda mbali zaidi: waliwaambia watu wajichagulie picha za wasifu wa mtandaoni, kisha wakawapa watu wasiowajua kabisa wawachagulie. Zilipotathminiwa na watu wengine, zilizochaguliwa na wasiowajua ndizo zilizoleta picha nzuri zaidi ya mtu. Kwa hiyo ungeokota mpita njia Kariakoo akuchagulie, angekushinda.

Nikawatumia watu. Wenzangu wa kikundi cha maigizo walichagua namba 88, karibu wote. Mmoja akaandika, "Hii umekaa kama mtu anayejua siri ya nyumba." Binti yangu naye akachagua 88, kwa sababu zake: "Hapo unataka kunigombeza lakini kuna kitu kinakuchekesha." Namba 88 mimi sikuwa hata nimeiweka kwenye zile 30. Ndani yake ninatazama kamera moja kwa moja, kidevu kiko juu, kovu linaonekana, mkunjo upo kazini, na upande mmoja wa mdomo umepanda. Nadhani ndipo nilipokuwa nawaza ada.

Mama yangu, aliye Tanga, nilimtumia mbili: 88 na moja ya zile zilizong'arishwa. Akapiga simu badala ya kuandika. Mama hapendi kuandika. Akasema ile nyeupe ndiyo nzuri, nimependeza, hiyo ndiyo niweke. Na ile nyingine?

"Ile nyingine," akasema, halafu akatulia. "Ile nyingine umekuwa wifi yangu."

Wifi yake ni shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa anaimba taarabu Tanga, na alikuwa mtu wa kutajwa nyumbani kwetu kwa sauti ya chini. Sio kwamba alifanya jambo baya. Alikuwa anapanda jukwaani, anatuzwa, anarudi nyumbani usiku kwa gari ya kikundi, na mama alikuwa mke mgeni kwenye nyumba ambayo huyo wifi ndiye aliyekuwa na kauli. Wakagombana kuhusu kitu ambacho kila mmoja wa ndugu anakisimulia tofauti, wakanuniana miaka, na shangazi akafariki 1992 kabla hawajapatana. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka harufu ya udi na bangili nyingi kwenye mkono mmoja. Uso sikumbuki.

Na picha haisaidii. Iliyobaki ni moja, ya rangi, ya kikundi kizima kikiwa jukwaani, miaka ya 1980. Waimbaji wamevaa magauni meupe. Magauni yametoka vizuri ajabu, unaona mpaka nakshi za shingoni. Nyuso hazipo. Shangazi ni wa tatu kutoka kushoto, naambiwa, na ninamjua kwa namna anavyosimama, maana pale kichwa kilipo kuna giza lenye meno. Inawezekana ni flashi, inawezekana ni joto la Tanga, inawezekana ni unyevu wa lile kabati alimokaa miaka thelathini. Lakini niliposoma habari za kadi za Shirley niliwaza ile picha papo hapo. Mwanamke ameimba maisha yake yote mbele ya watu, na kilichotunzwa ni gauni.

Mama hakuwa amenisifu, msinielewe vibaya. Alisema kama mtu anayekuambia chakula kimeungua. Lakini baada ya kukata simu nilichukua 88 nikaikuza mpaka uso ukajaa kioo cha simu. Nilikuwa nakwenda kinyume na nilivyozoea: badala ya kutafuta mimi niko wapi, nikawa natafuta yeye yuko wapi. Ni mdomo? Ni hiki kidevu kilichopanda? Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimefanana naye. Miaka 12 nilikuwa nasambaza uso wa binti wa 2013 ambaye hakufanana na mtu, mviringo na laini kama mabinti wote, na wakati huo umri ulikuwa unanichonga taratibu mpaka nikafika kwenye sura ambayo mama yangu anaijua na anaiogopa kidogo. Kijana wa Sinza angefuta mkunjo, angefuta kidevu, asingejua amemfuta na nani.

Nikaweka 88.

Kuna mambo ya kawaida niliyojifunza hapo, ya kazi tu, na nitayasema haraka. Tuma picha kama faili, sio kama picha, WhatsApp isiikamue. Andika jina lako na mwaka kwenye jina la faili. Mwaka ndio utakaokusuta. Ukinyoa, ukisuka tofauti kabisa, ukinenepa, ukikonda, piga nyingine, hata ukutani kwako karibu na dirisha asubuhi, uso umegeukia mwanga. Na mwombe mtu asiyekupenda sana akuchagulie.

Mwezi uliopita nimekwenda kwenye usaili mwingine. Kijana mwingine, orodha nyingine, viti vilevile vya plastiki. Akaangalia simu, akaniangalia, akasema, "Karibu mama, pita." Basi. Alishaanza kumtafuta anayefuata. Nilisoma nafasi ya mwalimu mkuu, nikasoma vizuri. Sikuipata; walitaka mtu mrefu zaidi. Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira ya kawaida, ile ya kukosa kazi, na nilishangaa jinsi ilivyo nyepesi nikiilinganisha na ile ya siku ya kwanza.

Juzi mama amepiga. Tumeongea bei ya nazi, goti lake, mtoto wa jirani aliyefeli. Nilipodhani tunaagana akaniuliza kama bado ninayo ile picha mbaya.

"Ipi, mama?"

"Ile ya wifi." Akakohoa. "Unaweza kunisafishia moja?"

Nikamuuliza anataka saizi gani. Akasema postikadi, na isiwe na mambo ya kompyuta.